Firigisi Uliyonipa Mapema

Kukhu wangu,

Ni mjukuu wako, bingwa mwenyewe. Usicheke mwandiko. Shule niliiacha kidato cha pili, na ni wewe ulisema angalau nijue kuandika barua. Haya, soma.

Habari za nyumbani kwanza. Senge Rose, binti yako, amehamia kwako na amepaka ukuta rangi ya samawati bila kukuuliza. Jogoo wako mwekundu bado anaingianga ndani bila hodi. Kiti chako hakuna anayekikalia. Si kwamba tumekatazana. Mtu anafika pale, anakiangalia, halafu anaenda kukaa kwa stuli.

Sasa habari kubwa: nimemaliza gemu.

Ile yetu, ya shujaa anayeruka na kurusha moto kwa mikono. Ukamwita Makokha, eti anatembea kama Makokha wa kinu cha kusaga mahindi. Mji wote ulikuwa wake, aende popote anapotaka, na kila mara gemu inamuuliza: wema au ubaya? Ukichagua ubaya moto unakuwa mweusi, na huo mweusi ndio unachoma sawasawa. Mimi na akili zangu nilitaka mweusi.

Lakini wewe ulikuwa nyuma yangu, unachambua kunde. Unakumbuka ule mzigo wa chakula ulioanguka katikati ya mji? Nikataka kuubeba wote. Ukagonga sufuria. "Wewe! Hao watu hawajala!" Nikakuambia, Kukhu, hao ni watu wa gemu. Ukasema, "Na wewe unayewaibia, ni wa gemu?"

Nikauacha mzigo bila kubisha. Mimi! Na Amalemba nzima wananijua kwa mdomo.

Na siku niliporuka na Makokha juu ya hema la matanga? "Shuka! Watu wanalia, unapita juu ya vichwa vyao kama kunguru." Nikashuka, nikamtembeza Makokha polepole katikati ya waombolezaji, majambazi wakamkuta hapo wakampiga vibaya sana. Wewe ukasema amepigwa kwa heshima.

Halafu firigisi. Kwetu ni ya mwenye nyumba, na tangu Babu aende ilikuwa inakaa kwa sahani yako. Siku ile ulikuwa umeshaanza kuishiwa nguvu, kuku amechinjwa na Senge, ukaitoa ukaniwekea mimi. Senge akasema huyu bado mtoto. Ukasema, "Nampa mapema. Akimaliza hiyo gemu yake vibaya, atanirudishia." Nilicheka mpaka supu ikanitokea puani.

Hukungoja mwisho wa gemu.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, vijana wa kibanda cha gemu walikuja kuona nikimaliza. Swali la mwisho likaja: Makokha abaki na nguvu zote, mji umpigie magoti, au azimwage zote kuponya wagonjwa, abaki mtu tu kama watu. Hao wote, walipomaliza gemu zao, walichukua nguvu. Brayo, mmoja wao, akapiga kelele, "Bingwa, chukua! Ama unaogopa kukhu yako? Si alishaenda?"

Hata yeye alisikia alichosema.

Mimi nikaangalia kiti chako. Kukhu, hakukuwa na sufuria. Vidole hivi vyenye kasi kuliko vyote Kakamega vikakaa tu juu ya pedi, vinangoja igongwe. Ningechukua nguvu, na firigisi yako ningekuwa nimekula bure, na hakuna mtu angenidai.

Nikamwaga zote.

Moto ukazima. Makokha akaanguka, akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda kwao kwa miguu kama mtu anayetoka sokoni. Brayo akavua kofia, akasema polepole, "Kumbe kuna mwisho mwingine." Upo. Amalemba nzima ni mimi tu nimeuona. Ringa nao huko uliko.

Asante, Kukhu. Asante kwa kelele zote. Kuna mambo mengine sasa, si ya gemu, nikikaribia kuyafanya nasikia sufuria kabisa, mpaka nageuka.

Lala vizuri. Jogoo nitamlisha, na kunde nitajifunza kuchambua, ingawa Senge anasema naacha vijiti. Kiti nitakilinda mpaka siku kitakaponitosha.

Lakini firigisi, sahau. Siirudishi.

Mjukuu wako,
Bingwa