Ndama wa Sadaka

Ndalambo, Jumatatu

Wifi yangu Yunisi,

Huku tu wazima, karanga zimekubali, na paa la kanisa limeisha. Umeniuliza kama kaka yako Danford amerudi kwenye meza ya Bwana. Ngoja nicheke kwanza.

Unajua tangu ng'ombe wa Ngusa, yule mfugaji Msukuma, walipomaliza mahindi yetu, Danford alikuwa haketi benchi moja na Msukuma. Wakianza kuimba Kisukuma na kayamba zao, yeye anatoka nje. Nililia, wifi, ila sikukuambia.

Sasa Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, tukanadi sadaka. Akaletwa ndama mwekundu, mzuri huyo! Danford akapandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Kwetu mtoaji hutajwa mwisho, na mzee wa kanisa akatangaza, "Ametolewa na ndugu yetu Ngusa!" Akina mama wa Kisukuma wakapiga vigelegele, nasi Wanyamwanga tukaitikia. Sadaka ni sadaka. Kaka yako akashika kamba, akamvuta ndama hadi nyumbani.

Basi ndama huyo kila jioni anakata kamba, anarudi kwa Ngusa. Danford anamfuata, na haji nyumbani mpaka ashibe maziwa mgando na hadithi. Jana wameshiriki meza pamoja, na kayamba kapiga yeye!

Nilimnunulia kamba mpya, ngumu. Kaitundika ukutani. Anasema ndama akiitumia itachakaa.

Njoo umwone mwenyewe.

Wifi yako anayecheka,
Atupele