Waya Niliouvuta Mjimwema Bila Wewe, Mjomba

Kamwene, Mjomba.

Ni mimi Neema, mtoto wa dada yako. Umepita mwaka na zaidi tangu tulipokuzika Makambako, na tangu siku ile sijazungumza na wewe kwa maneno yaliyopangika. Kaburini huwa nakuja na Mama. Tunang'oa majani, tunaomba, tunaondoka. Leo nimekaa niandike kwa sababu kuna jambo limetokea huku Njombe, na mtu wa kwanza niliyetaka kumweleza ni wewe. Nilishika hata simu. Namba yako sijaifuta.

Nianze na za nyumbani. Mkeo, Mama Tumaini, hajambo. Goti linamsumbua baridi ikizidi, ila shamba la viazi amelilima lote, hakusikia la mtu. Tumaini amejifungua mtoto wa kiume, wakampa jina lako. Analia kwa sauti ambayo Mama anasema ni ileile uliyokuwa ukiitia watu kutoka juu ya nguzo. Mimi nimehamia Njombe mjini, nimepanga chumba Mjimwema. Kazi yangu ndiyo ile uliyoiita "mambo yako ya kompyuta": nafunga mitandao maofisini na kutengeneza mashine zilizogoma.

Sasa hilo jambo. Huku kuna kikundi cha wakulima wa parachichi, wengi wao akina mama. Walijenga jengo la ubaridi lenye vyumba viwili, matunda yakae humo yakisubiri gari la mnunuzi. Msimu uliopita umeme wa mashine ulikatika Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, na hakuna aliyejua mpaka Jumatatu. Matunda yote yakalainika. Mama Faraja, mjane mmoja jirani yangu, mavuno yake yote yalikuwa mle ndani. Aliyabeba kwa ndoo kwenda kuwapa nguruwe. Aliniambia kwamba wakati wa kubeba hakulia. Alilia alipoona nguruwe wameshiba, wameyaacha.

Ndipo wakaniita. Walitaka kifaa cha kuwaambia kwenye simu chumba kikianza kupata joto. Nikanunua bodi ndogo, ukubwa wake kama kiberiti, unaiandikia programu nayo inafanya unachoiagiza. Nikaiunganisha na kipima joto, nikaiweka ndani ya chumba, itume taarifa bila waya mpaka kwenye mtandao wa ofisi yao. Ikakataa. Kuta za vyumba vile ni bati mbili zenye sponji katikati, na mawimbi hayapenyi. Mlango ukiwa wazi kifaa kinaongea, ukifungwa kinanyamaza. Mwenyekiti wao, Mzee Mgaya, alisimama pale na koti lake refu, akanitazama, akasema taratibu, "Binti, mlango ukiwa wazi hata sisi tunalisikia joto." Hakusema kwa ubaya. Lakini kesho yake nikasikia wanaulizia fundi wa Dar es Salaam.

Mjomba, nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu. Nikakukumbuka wewe, na si kwa raha.

Ulipanda nguzo za simu kati ya Makambako na Njombe tangu ujana wako. Simu za mkononi zilipokuja, nyaya zikateremshwa, nawe ukastaafishwa pamoja nazo. Mimi nilikuja kuishi kwako nikiwa sekondari, wewe huna kazi tena, una mfuko wa vipande vya waya tu na mikono isiyojua kukaa bure. Jioni ulinikalisha barazani ukanifundisha kumenya waya bila kuujeruhi, kuoanisha rangi, kubana kwa koleo mpaka waya ushike. Nilipenda, mpaka nilipofika kidato cha nne. Unakumbuka siku ile? Nilikuwa na rafiki zangu wawili, ukaniita nikushikie ncha ya waya. Nikakujibu mbele yao, "Mjomba, dunia ya siku hizi haina waya." Wakacheka. Na wewe ukacheka kidogo. Kisha ukakusanya vipande vyako kimoja kimoja ukavirudisha mfukoni.

Hukunitajia jambo lile hata siku moja. Hata ulipolazwa hospitali ya Ilembula, nikakaa na wewe wiki nzima, uliniuliza habari za masomo yangu, ukaniuliza kama nakula. Nilikuwa na nafasi ya kusema nisamehe. Nikawa nasubiri upate nafuu.

Basi asubuhi nikaenda kwa Mzee Mgaya, nikamwambia nipe siku chache, nitaleta waya.

Nilinunua kipande kingine cha kuunganisha na ile bodi, chenye tundu la kuchomekea waya wa mtandao, na nikanunua roli la waya wenyewe. Kutoka ofisini hadi vyumba vya ubaridi nilipima kwa hatua kama ulivyokuwa ukipima, nikapata sitini na mbili. Sikuulaza waya sambamba na ule wa umeme wa mashine. Uliniambia hao wawili wakilala pamoja mkubwa humpigia kelele mdogo. Nikaacha ziada kila pembe. Na pale unapoingia ukutani niliupinda kwanza kushuka chini, halafu ndipo ukapanda kuingia tunduni. Kijana wa duka la vifaa alipita akaniuliza kwa nini napoteza waya. Nikamjibu kwa maneno yako: maji ya mvua ni mavivu, yanafuata mteremko, kwa hiyo yape mteremko yakiwa bado nje.

Nikabana ncha zote mbili, nyuzi nane kila upande. Mikono yangu haikuuliza kitu, Mjomba. Nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka, na kwenye kompyuta ya ofisi joto la chumba cha kwanza likatokea, mlango umefungwa.

Nilifurahi mapema. Nilipofunga bodi ya pili katika chumba cha pili, mambo yakaharibika. Bodi ya pili ikionekana, ya kwanza inapotea. Ya kwanza ikirudi, ya pili inapotea. Nikizima moja, nyingine inafanya kazi vizuri kabisa. Nilibana ncha upya. Nilibadilisha waya wote wa chumba cha pili. Siku mbili zikapita hivyo. Mama Faraja alikuwa akiniletea chai na viazi vya kuchemsha, anakaa kwenye kreti, haulizi kitu. Kutouliza kwake kulinitesa kuliko maswali ya Mzee Mgaya.

Siku ya tatu, nimeshika koleo nataka kubana tena, nikakumbuka kisa chako cha padri na mwenye duka. Ulikisimulia mara nyingi mpaka Tumaini akawa anakimalizia. Padri akipigiwa simu anapokea mwenye duka. Mwenye duka akiagiza sukari, padri anasikia yote. Mafundi wenzako walibadilisha waya mara mbili, wewe ukateremka nguzoni ukaenda kusoma daftari la namba. Nyumba mbili zilikuwa zimeunganishwa kwenye namba moja. Ulikuwa unamaliza hivi: "Waya ulikuwa mzima. Waliokosea ni waandishi."

Nikaweka koleo chini. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao wa waya lazima kiwe na namba yake ya peke yake, ndipo ujumbe ujue unakwenda wapi. Vipande vile nilivyonunua haviji na namba zao, unaziandika mwenyewe ndani ya programu. Nami niliandika programu ya bodi ya kwanza, nikainakili nzima kwenye bodi ya pili, pamoja na namba. Nilikuwa nimezipa nyumba mbili namba moja. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho, nikawasha.

Zikatokea zote mbili. Nikangoja dakika tano, kumi, zimetulia.

"Imekubali?" Mama Faraja akauliza.

"Imekubali, Mama."

Akasimama, akakung'uta kitenge chake, akaenda kumwita Mzee Mgaya.

Na kama ingeishia hapo ningeshukuru tu moyoni. Lakini wiki tatu baadaye, Jumapili, tuko ibadani, kwaya inaimba, simu ikatetemeka kwenye mkoba. Chumba cha kwanza kinapanda joto. Nikatoka kwa mlango wa pembeni. Mzee Mgaya alikuwa kwenye kwaya, akaniona, akashuka akanifuata na joho lake la kuimbia, na Mama Faraja nyuma yake. Tukakuta swichi kuu ya mashine imejizima yenyewe, kama mwaka jana. Mzee akaita fundi umeme wa jirani, akaja akabadilisha kifaa kilichochoka, mashine ikanguruma tena. Tukasimama tukitazama namba kwenye simu yangu zikishuka, polepole, mpaka zikafika panapotakiwa. Mama Faraja akaingia ndani. Kreti zake zilikuwa kumi na nne. Alibonyeza tunda moja katika kila kreti kwa kidole gumba, mpaka ya mwisho. Akatoka akasema, "Yako magumu yote." Hapo ndipo akalia, na mimi nikalia naye.

Mzee Mgaya aliufuata waya kwa macho toka ofisini mpaka ukutani. Akauliza nani alinifundisha. Nikamtajia jina lako na kazi yako. Akasema, "Yule wa nguzo? Aliwahi kutengeneza laini ya kijiji chetu mvua inanyesha, akakataa hata kuingia ndani kwanza akauke." Mjomba, uliwahi kunisimulia visa mia, hicho hukunisimulia.

Kwa hiyo nisikilize. Nisamehe kwa neno lile la barazani. Nilisema mbele ya watu, na nimelikana mbele ya watu. Niliwaambia wanakikundi wote, siku ya mkutano wao, kwamba nilikucheka na kwamba nilikosea. Na asante. Asante kwa jioni zile zote, kwa kunishika vidole ukanionyesha nguvu inayotosha na nguvu inayozidi. Asante kwa kucheka kidogo siku ile, wakati ulikuwa na haki ya kunifukuza. Chakula ninachokula kinatoka mikononi mwako.

Kikundi sasa wanataka kujenga jengo lingine huko kwetu Makambako, na wamesema kazi ni yangu. Wiki iliyopita Mzee Mgaya alinipa kalamu ya wino mzito, niandike jina la fundi kwenye kisanduku cha waya pale ukutani, ili wajue wa kumwita. Nilitamani kuandika lako. Nikaona si haki, watakupigia na hutapokea. Nimeandika langu na namba yangu. Nakuahidi, Mjomba, wakipiga nitakwenda, hata kama mvua inanyesha.

Lala salama. Mama anakusalimu.

Neema