Niliwaambia Wasiningoje, Kisha Nikamwadhibu Asiyeningoja

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana sili nikashiba wala situlii.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi kwenye fleti za Bugolobi, nilikuwa sajenti jeshini miaka kumi na tisa na sasa ni msimamizi katika kampuni moja ya ulinzi hapa Kampala, na mwaka huu mkurugenzi wetu, Bwana Tarcisio, alisema kampuni imekuwa nzito, mlinzi akiona tatizo anamwambia koplo, koplo ananiambia mimi, mimi naandikia ofisi, jibu likirudi mambo yameshaharibika, kwa hiyo tunaingia mtindo mpya wanaouita ejaili, walinzi wawe kwenye timu ndogo za watu saba, wapange kazi yao wenyewe, kila asubuhi wasimame pamoja dakika kumi na tano waambiane nini kimekwama, na mimi nisiwe tena mtoa oda bali kocha wao. Nilipelekwa semina ya siku tatu, nikapewa cheti, nikarudi nikawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe, "Anayeona ndiye aamue, msiningoje mimi."

Sasa mshauri, nikuambie ukweli, zile dakika kumi na tano nilizigeuza paredi bila kujua, wanajipanga mstari, mimi mbele, kila mmoja anapiga hatua, anasema "Hakuna shida, afande," anarudi nyuma, na mimi nikaona tunakwenda vizuri, hata Bwana Tarcisio alipita akatupiga picha. Aliyekuwa anasema kitu ni mmoja tu, anaitwa Okidi, mtu mzima, analinda ghala la dawa kule Bwaise, kila mara ananiambia mtaro wa pale umeziba, na mimi namjibu nimesikia.

Wiki iliyopita mchana mvua ikamwagika, Bwaise ikajaa maji, na mimi nilikuwa kwenye semina ya pili nimezima simu, Okidi akanipigia mara nne asinipate, basi akaacha geti, akaita watu wa boda watatu, wakapandisha maboksi yote ya dawa ghorofani, halikulowa hata moja na hakikupotea kitu. Lakini mimi nilipofika nikakuta geti halina mtu na wageni wako ndani ya ghala, na jeshini, mshauri, kuacha lindo ni kosa unalofundishwa kuliogopa kuliko risasi, damu ikanipanda, asubuhi yake nikamfokea mbele ya timu nzima na kumsimamisha kazi. Akaniambia polepole, "Afande, si wewe ulisema tusingoje oda? Mimi nimeona maji iko inapanda, nikaamua." Nikamwambia afunge mdomo.

Mchana huo huo mwenye ghala akapiga simu ofisini kushukuru, na Bwana Tarcisio akaniuliza kama kweli niliwaambia wasiningoje, nikasema hapana, Okidi alielewa vibaya. Hilo ndilo linalonila. Ijumaa saa nne asubuhi anataka neno langu, Okidi arudi au afukuzwe, nikisema arudi nitaonekana mwongo na walinzi watanipanda kichwani, nikisema aende nitakuwa nimemharibia maisha mtu aliyenitii, na tangu siku ile asubuhi zetu ni kimya kitupu, juzi Atoo, anayelinda duka la vitambaa Kibuli, alikuta kufuli limevunjwa akakaa akilitazama kwa muda wa saa mbili mpaka nilipopita, namuuliza kwa nini hakupiga simu wala kuita mtu, anasema, "Nilikuwa nangoja oda, afande." Naogopa sana, mshauri, nifanye nini?

Sajenti mwenye hofu, Bugolobi

Mbambu anajibu:

Sajenti, barua yako imenifikia Jumatano na gazeti linatoka Alhamisi, kwa hiyo sina nafasi ya kukubembeleza. Pole kwanza. Miaka kumi na tisa ulifundishwa kwamba asiyengoja amri anaponza wenzake, kisha ukapewa siku tatu na cheti ili usahau yote. Hata mimi ningetetemeka. Na huyo mkurugenzi wako naye ana lake la kujibu, kwa sababu alikubadilishia jina la kazi bila kukaa nawe mkaulizana mlinzi anaweza kuamua nini peke yake. Alikuja kupiga picha tu.

Sasa nikuseme. Mama, ulidanganya, na hapo usiniletee habari za jeshi. Kumfokea mtu ulifanya kwa mazoea. Kumkana ulifanya umekaa kitini, akili timamu. Halafu unaogopa watakupanda kichwani? Nani akupande, ilhali wote wamekukimbia! Atoo si mjinga. Aliona Okidi alivyofanywa, akajifunza haraka kuliko semina zako zote mbili. Leo ni kufuli, kesho atakaa hivyo hivyo akitazama moto.

Usingoje Ijumaa. Leo nenda kwa Bwana Tarcisio umwambie, "Maneno yale niliyasema mimi, kisha nikayakana." Usiongeze "lakini" baada ya maneno hayo. Atakasirika, na huenda huo ukocha ukauacha mezani kwake, sikuahidi vinginevyo. Akikusikiliza, mwombe mkae pamoja na mwenye ghala, maana yeye ndiye anayejua kipi kiokolewe kwanza, muandike karatasi moja ya mambo ambayo mlinzi anaamua bila kumuuliza mtu: maji, moto, mgonjwa. Hiyo ndiyo kazi yenu ninyi wakubwa. Namna ya kupandisha maboksi mwachieni aliye pale.

Kisha Okidi arudi mbele ya wale wale ambao ulimfokea mbele yao, na umwombe radhi kwa sauti ile ile, isipungue. Paredi ivunje. Simameni duara, wewe ukiwa ubavuni mwa Atoo, na uwe wa mwisho kusema. Atakayejibu "hakuna shida" muulize jana alikwama wapi, halafu nyamaza, hata kimya kikikuchoma. Na ule mtaro wa Bwaise uzibuliwe wiki hii, maana mvua bado zipo.

Moja limebaki. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu. Umeandika anachotaka Tarcisio, umeandika watakavyokuona walinzi, umeandika usivyoshiba. Sikuona popote kwamba umempigia simu Okidi tangu umrudishe nyumbani. Yeye alikupigia mara nne, maji yakimpanda miguuni. Weka gazeti chini, mpigie.