Buti za Mheshimiwa Diwani

Doha

Baba yangu mpenzi, Mheshimiwa Diwani,

Shikamoo mara mbili: moja ya baba, nyingine ya cheo. Afya yako vipi, na mguu wa Mama umepata nafuu? Mimi mzima, alhamdulillahi. Tangu mliponipigia simu ya ushindi natembea nikicheka peke yangu, mpaka watoto ninaowalea wananishangaa.

Ila Mama amekushtaki kwangu. Eti shamba la alizeti unataka kulikodisha, kwa kuwa diwani hashiki jembe! Aliniambia kwa sauti ya chini, nawe unaijua sauti hiyo. Imeniuma, Baba.

Sasa sikia. Mabosi wangu hapa Al Wakrah, jirani na Doha, ni Waaustralia, na bibi wa watoto amekuja kuwatembelea. Nilipomwambia baba yangu ni mkulima na sasa ni diwani, alinikumbatia, akanisimulia habari za babu wa babu yake. Naye alikuwa mkulima, wa ngano, akaingia bungeni bunge lao likiwa bado changa. Msimu wa mavuno ukifika, humpati bungeni, yuko shambani. Mbegu mpya alizijaribu kwanza kwenye shamba lake mwenyewe; zikikubali ndipo anazipigia debe bungeni, masuke yamejaa mfukoni. Walimcheka weee, mwisho wakampa uwaziri wa kilimo. Siku ya kuchorwa picha, mchoraji akamwomba afute tope kwenye buti. Akakataa. "Nikizifuta, walionichagua hawatanijua."

Kamau, dereva wetu Mkenya, alikuwa anasikiliza mlangoni. "Huyo mzee alikuwa mnoma! Mtu wa shamba huwezi mdanganya bei ya mbolea, bana."

Tulicheka sana, kisha machozi yakanitoka, maana nilikuona wewe ukirudi na matope hadi magotini na Mama anakufukuza mlangoni. Hao watu walimchagua baba huyo, si mwingine.

Suti uliyoagiza anakuja nayo rafiki yangu Rehema, anayerudi nyumbani likizo. Ni ya buluu, utapendeza kama bwana harusi. Chini yake utakuta buti za mpira, saizi yako. Suti ni ya siku ya kuapishwa. Buti ni za kesho yake.

Msalimie Mama, umwambie kesi yake nimeisikiliza. Msalimie kaka Salumu, na shangazi aliyekupigia kampeni hadi sauti ikamkauka.

Jumamosi nitapiga simu ya video. Uso wako naujua, Mheshimiwa. Anza kwa kunionyesha miguu.

Binti yako akupendaye,
Zainabu