Tulisikia Mwano, Tukabaki Magotini

Jumamosi, Nkoma. Mawingu yalikusanyika asubuhi, yakatutania, yakaenda zake upande wa ziwani. Joto limebaki. Mikono yangu inanuka moshi na mafuta ya mbuzi, na moyo haujatulia hata kidogo.

Kwa wewe unayepita hapa mara ya kwanza: sisi ni Wataita kutoka Kenya. Mume wangu ni mchungaji, na kanisa la nyumbani lilitutuma huku Itilima, Tanzania, miaka mitatu iliyopita. Tuna watoto wawili, Mghoi wa miaka tisa na Elisha wa mitano. Tulishaanza kujiita wenyeji.

Wenyeji gani.

Mwezi uliopita ulipigwa mwano. Mwano ni yowe la hatari la Wasukuma. Ukilisikia unaacha ulichoshika unatoka mbio, hata kama ugali uko jikoni. Ilikuwa mchana kweupe. Wezi walikuwa wameswaga ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Masanja, kuelekea Meatu. Sisi tulikuwa ndani tumepiga magoti, siku ya mwisho ya mfungo. Dirishani nilimwona Mama Kabula, rafiki yangu kuliko wote hapa, akipita mbio na kitenge amekikaza kiunoni. Nikanyanyuka. Mume wangu akanishika mkono.

"Tusikatize," alisema.

Nikapiga magoti tena. Siwezi kudanganya kwamba niliomba.

Ng'ombe walipatikana kabla jua halijazama, na wezi wakaishia porini. Kila mji, yaani kila kaya, ulikuwa umetoa mtu isipokuwa wa kwetu. Kesho yake kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alisimama nje ya uzio akatuambia tumetengwa, mpaka tukiri kosa na kulisha kijiji. Atakayeongea nasi kabla ya hapo naye atatengwa. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu aliyeleta taarifa ya kikao cha shule.

Nilidhani ni mkwara tu. Siku iliyofuata nikapeleka mahindi mashineni, na kijana wa mashine aliponiona akazima injini, akakaa kwenye gunia akiangalia barabara. Akina mama waliokuwa foleni nao wakaangalia barabara. Nilirudi na ndoo yangu kichwani nikilia kwa hasira, maana matusi ningeyajibu, lakini kimya utakijibu nini? Dukani hivyo hivyo. Kisimani nikifika, wengine wananipisha, nachota peke yangu kama nina ugonjwa. Jumapili mume wangu alihubiri kwa mabenchi, mimi na watoto wawili. Washirika wetu ni watu wa hapa kabla ya kuwa washirika wetu.

Nilimwambia twende tukiri, yaishe. Akakataa.

"Nilikuwa naomba. Nikaombe radhi kwa kuomba? Halafu wangewakamata wale wezi wangewaua, Mama Mghoi, na mimi nimesimama pale na Biblia."

Hapo ana hoja, na hoja yake imeninyima usingizi. Lakini nami nilimwambia kwamba labda wangekuwa na sababu ya kutowaua kama mchungaji angekuwepo. Mume wangu ni mtu mwema, atatoa shati lake akupe. Ila akishasema hapana, hata ng'ombe wa kulimia wana afadhali.

Jumatano alikwenda Bariadi kwenye semina ya wachungaji, arudi Jumamosi. Alhamisi niliwakuta watoto wanacheza nyuma ya jiko. Elisha alikuwa amekaa chini, ameelekea ukutani, machozi yanamtoka. Nikamuuliza Mghoi kuna nini. Akaniambia kwa kunong'ona: "Usiongee naye, mama. Tumemtenga."

Niliivaa kanga yangu nikatoka.

Nilikwenda kwa Mzee Luhende, mkuu wa wazee, ambaye peke yake anaruhusiwa kusema na aliyetengwa. Nikakaa chini mlangoni pa zizi lake, kama nilivyowahi kusikia kwamba ndivyo inavyofanywa. Aliniacha nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akaja na kigoda chake.

"Mayu, umeleta neno gani?" aliuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Tulisikia mwano, baba. Hatukutoka. Tumekosa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akataja mbuzi beberu, unga na pombe. Nikamwambia pombe siwezi, mimi ni mke wa mchungaji, nitaweka togwa ya kutosha. Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mayu. Wazee watakunywa uji kama watoto." Tukakubaliana Jumamosi.

Sikumpigia mume wangu simu. Naandika hili wazi. Simu ilikuwa na chaji, mtandao ulikuwepo, na vidole ninavyo. Nilijua atakataa.

Leo asubuhi akina mama walikuja na masufuria yao. Wakafagia, wakawasha moto, wakakata nyama, bila kunisemesha, kwa sababu mpaka chakula kiliwe sisi bado ni watu wa kutengwa. Waliongea Kisukuma juu ya kichwa changu kama vile mimi ni figa. Nilipoanza kusonga ugali, Mama Kabula alinitazama kidogo, akaninyang'anya mwiko. Mwanamke huyo amekuwa akiusema ugali wangu tangu nifike, na leo kutokusema lazima kulimuuma kuliko mimi.

Chakula kikaiva. Kikapakuliwa. Uwanja ulijaa watu, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Mzee Luhende akasema, "Mji una mwenyewe. Tunamsubiri."

Jamani, hapo nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimejidanganya kwamba atafika watu wameshakula, mambo yameisha, agombe na mimi tu.

Pikipiki ikasikika. Akaingia, akavua helmeti, akaangalia uwanja wake umejaa watu waliokuwa hawamsalimii. Nikamfuata.

"Umefanya nini?"

"Nimekiri. Kwa niaba ya mji."

Alinipita, akaingia chumbani, mlango ukafungwa.

Tukasubiri. Mafuta yalianza kuganda juu ya mchuzi. Mzee Masanja, mwenye ng'ombe, alikuwa mbele kabisa, fimbo imelala mapajani. Mghoi alinishika kanga kwa mikono yote miwili, nami nimeshika jagi na beseni la kunawishia wageni. Nilikuwa nimekwisha kumpigia mahesabu Mungu: akikataa huyu, kesho nafunga virago na watoto wangu, narudi kwetu Wundanyi, na huduma ibaki yake na mabenchi yake. Nilimaanisha.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amevua viatu. Akachukua jagi na beseni mikononi mwangu bila kuniangalia, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Masanja, akainama.

"Nilisikia mwano wa ng'ombe wako. Sikutoka. Nisamehe."

Mzee akanyoosha mikono, akanawishwa. Akaikung'uta maji polepole.

"Mwadila, mchungaji."

Salamu ya mchana tu, ambayo watu wa hapa wanaitupa barabarani siku nzima. Vigelegele vikapasuka, na mume wangu akanawisha uwanja mzima, mpaka watoto. Mama Kabula alinirukia shingoni, akaanza kunipa habari za mwezi mzima kwa pumzi moja: nani kajifungua, pamba ya nani imeliwa na wadudu, na kwamba ugali wangu ungewaua wageni. Mghoi alitoweka na wenzake, akarudi amechubuka magoti, anacheka. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Wameondoka sasa. Jua linazama, na ninaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

Mume wangu alicheka na wazee, akaombea chakula, akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi nilimuuliza kama anataka chai. Akajimiminia mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu semina. Akafungua Biblia, akaanza kuandaa mahubiri ya kesho. Nimemwambia anisamehe. Akageuza ukurasa.

Kijiji kizima sasa kinaongea nami. Aliyebaki ni mmoja, na yuko sebuleni kwangu.

Na ana haki. Nilimnyima nafasi ya kuamua mwenyewe, nikamsimamisha mbele ya watu wote, nikamwachia mlango mmoja tu wa kutokea.

Kwa kijiji nilijua pa kwenda kukaa, nilijua cha kukiri, nikapangiwa na cha kupika. Kwa huyu nikae wapi, na nipike nini?