Nyumba za Nyuma ya Stesheni

Same,
12 Februari 1971

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lake limepungua uvimbe. Mimi ni mzima, ila jua la hapa limenibabua hadi shingoni.

Usishangae kuona barua imetoka karibu hivi. Nimetolewa Dar es Salaam nikaletwa Same kuchora upya katikati ya mji. Nyuma ya stesheni na soko kuna familia arobaini na moja zinazoishi katika vyumba vya udongo vilivyoezekwa mabati yaliyooza. Mkuu wangu wa kazi, Ndugu Paskali, anataka wahamishiwe viwanja vipya nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mimi nimesema wabaki. Tukijenga nyumba za ghorofa moja, zilizoshikana kuta, familia moja chini na nyingine juu, wote wataenea palepale na nafasi itabaki.

Kikaoni wote walinigeukia. Mwishowe Ndugu Paskali akasema, "Haya binti, chora tuone." Nimepewa wiki sita.

Baba, umejenga miaka thelathini. Wewe ungeanzia wapi?

Mwanao,
Yudith


Suji,
27 Februari 1971

Mwanangu Yudith,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama yako bado linamsumbua, lakini juzi alipanda hadi shamba la juu na hakutaka mtu amshike mkono.

Nitakuambia wazi, jambo hilo silipendi. Mtu kutembea juu ya kichwa cha mwenzake si maisha. Watu wanataka kiwanja, migomba miwili, na mahali pa kufunga mbuzi.

Lakini umeuliza, nami nitajibu. Upepo wa Same unatoka upande wa Mkomazi na una vumbi, usiuwekee mlango. Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, ili jua la jioni lisiingie vyumbani. Na kabla hujashika penseli tena, nenda ukakae na hao watu. Usiende na karatasi. Nenda na kiti tu.

Baba yako,
Nathanaeli


Same,
21 Machi 1971

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama salamu zangu nyingi, na mwambie zile ndizi alizonitumia zilifika zikiwa nzima.

Nilikwenda na kiti. Siku ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Siku ya pili mama mmoja, Lukia, anayewauzia abiria wa gari moshi maandazi, akaniuliza, "Wewe ndiye unayetaka kutuhamisha?" Nikamwambia nataka wabaki. Akacheka. "Afadhali. Kule porini maandazi yangu ningemuuzia nani, tembo?"

Tangu hapo wamenifundisha mengi. Lugano, mtu wa Tukuyu aliyekuwa mkata mkonge na sasa ni kibarua wa reli, ameniambia kinachowachosha kuliko vyote ni maji. Wanawake wanasimama bombani tangu alfajiri. Kwa hiyo nimechora mapaa yote yamwage mvua kwenye birika moja chini ya ua, kama tunavyokusanya maji katika ndiva, yale mabwawa ya huko kwetu, ili yagawiwe kwa zamu. Tofali nataka tufyatue hapahapa, udongo na saruji kidogo, kwa mashine ya mkono. Hazihitaji kuchomwa, kwa hiyo hatutakata mti hata mmoja kwa ajili ya tanuri.

Ndugu Paskali ameusifu mchoro, lakini anasema tofali za udongo haziwezi kubeba ghorofa. Nimeruhusiwa kujenga nyumba moja ya majaribio. Ikishindwa, watu watahamishwa. Mafundi wa hapa nimewaendea watatu, wote wamekataa. Wa mwisho aliniuliza kama mume wangu anajua niko wapi.

Baba, nakuomba ushuke.

Mwanao,
Yudith


Same,
20 Aprili 1971

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na sijui kama umekasirika au mnaumwa. Hapa mvua imetushika kweli.

Tulianza wenyewe, mimi na Lugano na akina mama kumi. Ukuta ulipofika kimo cha mtu, jana mchana, ulipasuka kona ukaanguka. Hakuumia mtu. Ndugu Paskali alikuja, akaokota kipande cha tofali, akakivunja kwa vidole, akaondoka. Ningependa angenigombeza.

Lukia ameniuliza kama aanze kufunga vitu vyake. 

Mwanao,
Yudith


Suji,
2 Mei 1971

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimenifikia siku moja, maana barabara ilikatika wiki tano. Mama yako hajambo. Sikukasirika.

Ila hata ile ya kwanza ingefika mapema, sijui kama ningeshuka. Kuna jambo sijawahi kukueleza. Mwaka 1949 nilijenga kambi ya wakata mkonge huko tambarare. Mwenye shamba alitaka vyumba kumi na viwili kwa mstari mmoja, bila madirisha, wanaume wanane kila chumba. Nilijenga. Kuta zilinyooka, nikasifiwa. Mwaka uliofuata nilipita pale nikamwona mtu mzima amechuchumaa nje, anakula ugali mvuani, kwa kuwa ndani hapakuwa na mahali pa kuweka bakuli. Akanisalimia vizuri tu. Hakujua kambi ile ni kazi ya mikono yangu. Ulipoandika habari za kuta zilizoshikana, niliiona kambi ile.

Halafu nimesoma kwamba ukuta umeanguka, na wewe bado uko pale.

Udongo mmechota korongoni, sivyo? Una mfinyanzi mwingi, unavimba na kupasuka. Chukueni ule mwekundu wa juu ya reli, mchekeche, mtie mchanga. Tofali zifunikeni nyasi na kuzimwagia maji siku saba, na mtu yeyote akizigusa kabla ya siku hizo kwisha mfukuzeni.

Ninashuka Jumatano. Nina sharti. Kila familia iwe na mlango wake, jiko lake na madirisha yake, na mama akimwita mwanawe kutoka juu, mtoto aliye uani asikie.

Baba yako,
Nathanaeli


Same,
11 Septemba 1971

Baba,

Shikamoo. Miezi minne tumekula sufuria moja, halafu juzi unaondoka na basi la asubuhi, siku moja kabla ya ukaguzi! Nimekuta godoro limekunjwa na mwiko wako haupo. Nilikasirika mpaka nikakataa chai ya Lukia.

Sasa sikia. Ndugu Paskali alikuja na wakubwa wa wilaya. Akaamuru mifuko themanini ya mchanga ipandishwe ghorofani, ikakaa kutwa. Akapima boriti, akapima kuta, akapita na kidole kwenye kila kona. Hakuna ufa. Mifuko iliposhushwa Lukia akasema, "Sisi hatutaishi na mchanga," akapanda ngazi, na akina mama wote nyuma yake, wakaimba na kurukaruka hadi wakubwa wakarudi nyuma hatua mbili. Nyumba ilitulia tuli.

Ndugu Paskali akavua kofia. Akauliza kwa sauti, ingawa anajua, "Nani aliyechora hii?" Nikasema mimi. Akawageukia wenzake: "Nilikosea. Zijengwe."

Zote, Baba! Nyumba ishirini na moja, makazi arobaini na mawili. Lile moja la ziada litakuwa darasa la watu wazima. Lugano ameshajiandikisha.

Nilitazama nyuma mara mbili nikikutafuta.

Mwanao,
Yudith


Suji,
20 Septemba 1971

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amesomewa barua yako mara tatu na kesho atataka ya nne.

Niliondoka kwa makusudi. Ningekuwepo, lile swali la Ndugu Paskali lingejibiwa kwa kunitazama mimi. Watu wangesema ni nyumba ya Nathanaeli, binti yake alimshikia karatasi. Nilitaka siku hiyo macho yote yakose mahali pengine pa kwenda.

Kunywa chai ya Lukia.

Baba yako,
Nathanaeli


Same,
4 Novemba 1973

Mwanangu Yudith,

Natumaini huko Mtwara ulikohamishiwa umepata nyumba nzuri na afya pia. Sisi ni wazima.

Nakuandikia nikiwa Same, kwenye kibaraza cha juu kwa Lukia. Nilishuka kuona kwa macho yangu, kwa kuwa familia ya mwisho imehamia wiki iliyopita. Nimekaa siku tatu. Nimesikiliza kama watu wanagombana. Wanagombana kiasi cha kawaida. Birika limejaa nusu kwa mvua za vuli. Jana jioni upepo wa Mkomazi ulivuma kweli, na chini uani kibatari hakikuzimika. Lugano alinisomea gazeti, ukurasa mzima, polepole, na nilipotaka kumsaidia neno moja alinikataza.

Leo asubuhi gari moshi liliposimama, abiria mmoja alimuuliza Lukia majengo haya ni ya nani. Nilitega sikio. Akasema, "Ni yetu. Yalichorwa na Yudith wa Suji." Kisha akamuuzia maandazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, wala sikujitambulisha. Nilitembea hadi mwisho wa stesheni na kurudi, maana sikuweza kukaa.

Sasa nina neno jingine, nalo si la kwangu peke yangu. Suji ardhi imekwisha. Vijana wanane wanaoa mwaka ujao, na kila mmoja akikata kiwanja, mashamba ya juu yataliwa yote na nyumba. Jumapili iliyopita tulikaa kikao. Nilisimama nikasema tujenge kwenda juu, kuta zishikane, mashamba tuyaache yalimwe. Mzee mmoja akaniuliza, "Nathanaeli, mtu atembee juu ya kichwa cha mwenzake?" Nikamwambia ashuke Same akaone, ndipo aniulize tena. Ameshuka nami. Yuko chini anakula maandazi na hajauliza.

Kikao kimeniagiza nikuandikie rasmi. Omba likizo, uje utuchoree. Njoo na kiti. Mawe yameanza kukusanywa, na kuhusu mafundi usihangaike, nimekwisha kujiandikisha wa kwanza.

Fundi wako,
Baba