Kimto cha Manjano

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Zahanati,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu, nyingi kupita karatasi hii. U hali gani? Mshono umepona? Shemeji anafua nepi, au bado anazishika kwa ncha za vidole? Na mwanetu, ananyonya vizuri? Sisi hatujambo, ila magoti ya Mama yanamsumbua kwenye ngazi, nami moyo hautulii hata kidogo.

Nilikwambia nimejitolea hapo zahanati. Kila Jumamosi muuguzi mkuu na mimi tunakaa na akina mama waliojifungua, tuna mwanasesere na kitanda kidogo, tunawaonyesha namna ya kumlaza mtoto ili kuzuia vile vifo vya ghafla, mtoto analala mzima na haamki. Nilidhani nitashona mashuka tu. Lakini mdomo wangu unaujua, muuguzi akaishia kuniachia mwanasesere.

Basi Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama mbele yao najitapa. Mtoto alale chali, mchana na usiku. Godoro gumu, shuka iliyobana, basi. Mto hapana, blanketi zito hapana, wala moshi wa sigara chumbani. Mama mmoja kijana akafungua mfuko wake, akatoa kimto cha manjano chenye masikio ya sungura.

"Fundi, si wewe mwenyewe uliyenishonea hiki?"

Wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikaanza kuhesabu vimto nilivyogawa. Mganga hajigangi, mdogo wangu. Miaka sita kila mtoto aliyezaliwa karibu yangu nimemshonea kimto kama hicho, nikakijaza sufi mpaka kikatuna, nikajiona nina mapenzi. Kwa sasa wenye watoto wachanga ni watano. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiomba zawadi zangu zirudi, aibu nimeitia mfukoni, na vinne ninavyo. Cha tano kiko kwako.

Nilipokupigia Jumapili ulinicheka pia. Ulisema analala kifudifudi juu ya kimto hicho na hapo ndipo anapotulia, tena Mama alitulaza hivyo sote na tumekua.

Si sote, Kitinda. Kuna mmoja aliyenifuata ziwa, wa kiume, alikuwa na miezi mitatu. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na nyumbani hatumtaji. Ninachokumbuka ni nepi zake zilizobaki kwenye kamba, hakuna aliyekuwa na mkono wa kuzianua.

Muuguzi anasema hakuna ajuaye kwa hakika kilichomchukua, na hakuna wa kulaumiwa, maana siku zile hata wataalamu walishauri kifudifudi. Tunachoweza ni kupunguza hatari. Namwamini. Hata hivyo simu ikilia nashtuka, na isipolia ndiyo naogopa zaidi.

Jana Mama alinikuta naandika barua hii. Nilitaka kuificha, nikachelewa. Akavuta kiti cha cherehani, akakaa, akaniuliza mtoto wako analazwaje. Sikuweza kumdanganya.

"Mwandikie amlaze chali," akasema. "Mwambie akilia asikate tamaa, atazoea. Mimi wangu alilala kimya, nikashukuru, nikaenda kufua."

Miaka yote hii sijawahi kumsikia akimtaja. Alinyanyuka akaenda zake jikoni, nami sikumfuata.

Msalimie shemeji, na umsomee barua hii yote. Msalimie mama mkwe wako. Ukiona anamgeuza mtoto, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Mama anakusalimu. Mungu amlinde mwanetu kila afumbapo macho, na umalizapo kusoma barua hii, kabla hujaikunja, nenda ukamgeuze.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuhofia,

Fundi